Pumzi Juu ya Fuwele

Jumatatu, 3 Februari 1964

Mji wetu haumo kwenye ramani, na bila kibali hatoki mtu. Nimeomba tena kwenda Saratov kwa mama. Naibu Mkurugenzi wa taasisi yetu hajatia sahihi.

Leo Faina Lvovna, mtafiti wa maabara, alinionyesha fuwele angavu kama kioo aliyoikuza majini tangu vuli. Taa iko nyuma yake, lakini giza tupu. Akawasha umeme — mwanga ukapita! Akazima — giza.

"Haisogei hata chembe," akasema. "Umeme unageuza tu mwendo wa mwanga ndani yake. Ila majini ndiko ilikotoka: sasa imekauka, unyevu kidogo tu huiyeyusha uso, imekwisha. Ukitaka kukohoa, binti, nenda kakohoe kwenu!"

Alhamisi, 6 Februari

Nilipeleka majalada maabara. Naibu, Arkadi Savelyevich, alikuwa peke yake, kifuniko cha fuwele kakiinua. Akaipumulia fuwele — haa! — kama mtu anayesafisha miwani, akaifuta kwa leso. Ndipo akaniona.

"Vumbi tu, Rimma."

Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo?

Ijumaa, 7 Februari

Wageni wa Moscow wamekuja. Umeme umezimwa, na mwanga bado unavuja! Uso wa fuwele una ukungu.

"Mlituahidi lango la mwanga," mmoja akasema. "Hili pazia la jikoni!"

Wakacheka. Naibu akasema ni uzembe wa Faina Lvovna, hakuifunika. Tume itamhoji. Huenda akafukuzwa. Faina alisimama tu, mikono mifukoni.

Mchana nimekuta kibali changu mezani. Kina sahihi. Wiki nzima!

Jumatatu, 10 Februari

Faina alikaa karibu nami kantini.

"Niliifunika kwa mikono yangu. Kuna mtu kaipumulia."

Nikatazama supu yangu ya kabichi.

"Kula basi. Umekonda kama ufagio."

Nikalisukuma bakuli pembeni.

Jumanne, 11 Februari

Naandika chooni, daftari juu ya goti. Tume imeniita. Mwenyekiti aliuliza nani aligusa fuwele Alhamisi. Naibu alikuwa ameketi ubavuni pake. Nikasema sikuona vizuri.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Hukuona vizuri nini, binti?"

Nikaomba ruhusa, nikakimbilia huku. Faina yuko kwenye benchi la ukumbini. Nilipita mbele yake bila kumtazama.

Mtu anagonga. Si mwanamke.

"Rimma, mwanangu," Naibu anasema taratibu, "usije ukakosa treni ya Saratov."