Msimamizi wa Hewa

Jumatatu, 3 Juni

Karani mpya amenitazama tangu asubuhi mpaka saa nne ndipo akauliza. Dada, unaumwa? Hapana. Umetoka kuumwa? Hapana. Unaogopa kuumwa? Hapo nikasita – swali zuri kwa mtu wa siku ya kwanza kazini. Mchoraji akanijibia kutoka meza ya pili: huyo hajaumwa tangu azaliwe, ndiyo siri yake. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ila mimi nikicheka haionekani.

Ofisini naitwa Barakoa. "Mwambie Barakoa alete ukurasa wa arobaini." Nimezoea. Wenzangu wameshafunga faili la ugonjwa ule. Ile ndoo ya kunawia mikono mlangoni sasa ni malazi ya fagio. Alama za "Simama hapa" sakafuni zimefutika nusu, na nadhani ni mimi peke yangu ninayezikanyaga kwa makusudi.

Leo nimesahihisha prufu ya Sayansi Darasa la Tano, sura ya upumuaji. Picha ya mtoto anapuliza puto. Nikajikuta nimeinuka kufungua dirisha.

Jioni, naosha mchele, Baba akasimama mlangoni akakohoa kidogo – kikohozi cha mwalimu kabla ya tangazo, si kingine, nimeshajifunza kuvitofautisha. Akasema ameamua kurudi kwenye mchezo wa drafti. Kwa sauti ya mtu anayetangaza kuoa mke wa pili.

Nikasema tutaongea. Nikaosha mchele mara ya pili.

Jumanne, 4 Juni

Sikulala vizuri. Niandike hesabu yote hapa, labda nitaiona.

Baba anaishi kwa figo ya Shangazi. Mwaka wa sita huu. Asubuhi na jioni anameza vidonge ili mwili usiikatae. Vidonge vyenyewe kazi yake ni kuwafunga mikono walinzi wa mwili wasiipige figo ngeni. Sasa mwizi wa kweli akiingia, walinzi ni wale wale, na mikono ni ile ile iliyofungwa. Daktari wa figo alitueleza hivyo hivyo, akachora na picha. Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Nyumba hii ina watu wawili. Nikiingiza kitu ndani, kitamkuta yeye.

Upande wa pili wa hesabu: miaka minne hajakaa kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi, walikokuwa wakicheza yeye na wenzake tangu mimi sijazaliwa. Anacheza peke yake mezani. Anazunguka meza kila zamu. Na bado analalamika kwamba yule mwingine anaiba.

Mchana Shangazi akapiga simu. Baba amenishtaki.

"We mtoto, nisikilize. Nilipasuliwa mimi. Nina mshono kutoka hapa mpaka hapa."

"Shangazi, kwenye simu sioni hapa."

"Unajua ni wapi. Figo ile sikuitoa ikakae ndani kama kabati. Mwache atoke."

"Lakini Shangazi –"

"Hakuna lakini. Mwenye figo nimesema."

Utabishana vipi na mtu huyo?

Alhamisi, 6 Juni

Mkataba umetiwa saini. Baba ameuandika kwa rula na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Jumatano na Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Madirisha yote mawili wazi. Barakoa usoni, si kidevuni, kidevu hakipumui. Na kile kipimo changu cha hewa kikae mezani muda wote.

Kipimo chenyewe ni kidogo kama pakiti ya karata. Kinasoma ni hewa kiasi gani imeshatoka mapafuni mwa watu. Nje kinasoma mia nne na ishirini hivi. Funga watu chumbani, kinapanda hadi elfu mbili kabla hawajamaliza kusalimiana. Baba amekibatiza Msimamizi, kwa sababu, anasema, kazi yake ni kukaa kimya na kuwaharibia watu raha, kama wasimamizi wote wa mitihani.

Tulivutana kwenye kiwango. Yeye alitaka elfu moja, mimi mia sita. Tukakutana kwenye mia nane. Ikizidi hapo, anaaga na kurudi nyumbani. Kila nusu saa anitumie picha ya namba.

Alikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaenda kupiga pasi suruali. Mchezo ni keshokutwa.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tisa na nusu: 418. Saa kumi: 421. Kumi na nusu: 419. Saa kumi na moja: 420.

Nilikuwa nimeshika simu kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Picha safi kabisa, namba katikati, nyuma yake rangi ya samawati. Kinyozi amepaka ukuta rangi nzuri.

Amerudi saa kumi na moja na dakika saba. Ameshinda michezo mitatu. Amekula sahani mbili.

Jumatano, 12 Juni

419. 420. 418. 420.

Nimewaonyesha ofisini. Nilijisifu, nakiri. Nikasema tazameni, wazee wanane wanacheza kwa raha, hewa kama ya mlimani, mnaona inawezekana? Karani mpya akaniomba nimwelekeze vipimo hivyo vinakouzwa. Mchoraji alishika simu muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hao wazee," akauliza, "wanapumua kweli?"

Nikamwambia ana wivu.

Jumamosi, 15 Juni

420. 420. 419. 420.

Swali la mchoraji limenikaa kooni kama mwiba.

Jumapili, 16 Juni

Jaribio. Sebuleni kwetu, watu wawili, madirisha yote wazi, mlango wazi. Msimamizi mezani. Nikamwomba Baba anisimulie mchezo wa jana. Tulianza na 560. Alipofika pale alipokula kete tatu kwa mpigo, akasimama kuonyesha kwa mikono, ikawa 640.

Watu wawili, 640. Wao wanane, 420?

Huyu ni mtu aliyefundisha hisabati miaka thelathini na moja. Alikuwa akirudi na madaftari, ananiita nione. Mtoto aliyepata yote, kwa njia zote, bila kufuta hata mahali pamoja: usimpongeze kwanza, mwangalie aliyekaa naye. Aliwakamata hivyo, mmoja mmoja. Na leo yeye ndiye ananiletea daftari lisilo na kosa!

Sijamwuliza. Nilitaka, nikamwona anang'arisha kete zake – vizibo vya soda, kumi na viwili, kwa kitambaa cha miwani.

Kama nikiuliza, itabidi jibu liwepo.

Jumatano, 19 Juni

Nimeomba ruhusa, nikatoka kazini saa nane na nusu. Nikapita uchochoro wa nyuma ya duka la kinyozi, najiona mjinga, mtu mzima na shahada yake anatembea kwa ncha za vidole.

Msimamizi alikuwa ananing'inia nje. Amefungwa kamba ya viatu kwenye nondo ya dirisha, anapunga upepo. Nyuma yake anga. Ndiyo ile samawati yangu.

Nilipochungulia, mkono wa mzee mmoja ulikuwa unatoka na simu kuja kupiga picha ya saa tisa na nusu. Tukatazamana mimi na yeye. Akarudisha mkono polepole, kama konokono.

Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele. Chumba cha nyuma, wazee wanane, mbao mbili za drafti, redio. Mtu akapunguza redio. Madirisha yalikuwa wazi yote mawili, hilo niliandike kwa haki. Na katika nyuso nane, barakoa moja. Ya Baba. Imekaa vizuri, mpaka kwenye mfupa wa pua, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Nikamfungua Msimamizi, nikamweka mezani. Dakika tatu. 1340.

Basi nikahutubia. Nilikuwa na hotuba ya miaka minne. Nikaeleza hewa, nikaeleza vidonge, nikaeleza walinzi waliofungwa mikono. Kinyozi, ambaye ndiye mwenye chumba na ndiye aliyebuni mambo ya kamba, alikuwa ananitazama mdomoni, amekunja uso.

"Shusha hicho kitambaa, binti," akasema. "Masikio yangu yalishastaafu. Mimi nasikia kwa macho."

Nikasema kwa sauti zaidi. Akatikisa kichwa. Nikaandika hewani kwa kidole. Akawageukia wenzake: anasemaje?

Nikaishusha.

Nikarudia yote tangu mwanzo, uso kwa uso, karibu naye ili asikose neno. Dakika kumi labda. Akaitikia kila sentensi: naam, naam, hapo nimekupata. Nilipomaliza akasema kumbe ni jambo kubwa hivyo, mbona hawakumweleza? Wakamzomea.

Mzee aliyekuwa anacheza na Baba akasema, "Kumbe ana mwanya. Kama wa marehemu mama yake."

Baba akainamia ubao.

Nilipandisha barakoa, lakini sikuondoka. Walinipa kiti karibu na dirisha. Mzee wa mkono wa konokono alinifunga mara mbili, akasema binti wa mwalimu mbona hajui kuhesabu. Baba alicheka. Si kile kicheko cha nyumbani, cha kunipunguzia wasiwasi – kingine, cha tumboni, kinachomfanya apige meza. Nilikuwa nimekisahau.

Tumerudi kwa miguu.

Alhamisi, 20 Juni

Kesi imesikilizwa wakati wa chai ya asubuhi.

Mshtakiwa anasema kamba haikuwa yake. Picha ya kwanza ilipigwa na mtu mwingine kwa nia njema, ili binti asihangaike. Ya pili alipiga mwenyewe. Na zilizofuata, ukiacha ya jana.

"Sasa Baba, hata 500 moja? Kwa heshima ya hesabu?"

Akakoroga chai ambayo haina sukari.

"Nilijua utagundua siku utakayotaka kugundua," akasema.

Jumamosi ile ya kwanza nililala usingizi wa saa kumi na moja mfululizo. Nani aliyekuwa ananidanganya?

Mkataba mpya: meza itolewe nje, barazani kwa kinyozi. Kinyozi amekubali, amesema hata wateja watavutika. Amenipa mkono kwa simu, yaani ametuma picha ya mkono.

Mchana nimekumbuka jambo. Jana wakati naongea na kinyozi, alipangusa pua kwa taulo, mara mbili. Alisema ni vumbi la nywele.

Ijumaa, 21 Juni

Koo linawasha. Nimepima virusi: mstari mmoja, yaani sina. Kwangu mstari mmoja siku ya kwanza si habari.

Nimehamia chumbani kwangu na sahani yangu, kikombe changu, dirisha wazi. Baba kupitia mlangoni: unatia chumvi. Namwambia avae barakoa humo humo ndani. Anasema humu ndani nani atamwona. Virusi, Baba. Akaivaa, nilisikia sauti yake ikibadilika.

Jumamosi, 22 Juni

Mistari miwili. Wa pili ulitokea kabla hata dakika tatu hazijaisha, mwekundu, umejaa afya.

Kwa hiyo ni mimi. Miaka minne ya ndoo, madirisha, alama za sakafuni, na kirusi kikaingia kwa mdomo wangu, wakati namweleza mtu jinsi kinavyoingia. Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Au si mimi. Baba naye alikuwa humo chumbani saa mbili nzima. Nimempigia daktari wa figo. Hakunigombeza, na hilo likanitisha. Amesema Baba apime leo na kila siku. Mistari miwili ikionekana tusingoje hata saa moja, tuende, dawa ipo lakini lazima ipangwe na vile vidonge vyake. Joto? Hana. Kikohozi? Nimesema sijui. Vikohozi vyake vyote nilidhani navijua.

Shangazi amepiga. Nilitegemea mvua ya mawe. Akasema tu, "Umekula?" Nikalia kidogo. Akasubiri nimalize, akasema yeye alisema atoke na hawezi kujificha, kama kuna lawama tugawane, yeye na mimi, kama walivyogawana figo na kaka yake.

Saa kumi sasa. Baba ameleta kiti koridoni, ameketi nje ya mlango wangu, hatua nne, nimezihesabu kwa sauti ya kiti. Kinyozi ana homa, ametumiwa salamu. Drafti leo hakuna. Kijiti cha kipimo ameshajitia puani mwenyewe, nimemwongoza kwa sauti, amelalamika pua zote mbili. Matone matatu. Sasa tunasubiri dakika kumi na tano.

Anasema tatizo hili lina vitu visivyojulikana vingi kuliko milinganyo, kwa hiyo nisijisumbue kutafuta nani kamwambukiza nani, halina jibu moja. Nimemwambia Baba, leo usinifundishe. Akasema ni mazoea.

Dakika ngapi? Saba. Usikitazame kabla ya wakati. Sikitazami, anasema, nimekigeuzia mgongo, ni mimi niliyefundisha subira au ni wewe?

Naandika ili mkono usiende kwenye kitasa.

Dakika kumi na moja. Anasema: mwanangu, kabla sijasoma – Jumatano ile ilikuwa siku nzuri. Iwe vyovyote. Nimesema usinitolee hotuba, Baba.

Kumi na nne. Nasikia ameinuka.

Kumi na tano. Soma.

Nasikia anakichukua.

Baba, soma.

Anasema ngoja, koridoni kuna giza, haoni vizuri, akatafute miwani sebuleni. Anaondoka polepole, ndala zinaburuta sakafuni. Miwani iko kichwani kwake, nina hakika, iko hapo kila siku saa hizi. Simwambii.