Maji ya Waridi Kwenye Kikombe cha Meno

Shangazi,

Kikombe chako cha bluu kilibaki kwenye dirisha la bafuni, na maji yako ya waridi ndani yake. Kilichonifanya nikuandikie ni kwamba baada ya mazishi yako niliyakuta humo meno ya Baba.

Mengine yanaenda. Duka lako la khanga hapa Mchafukoge tumelifungua tena. Kaka yako anakaa kwenye kiti chako na kumpunguzia bei kila anayemwamkia vizuri. Najua ungekuwepo ungemfukuza kabla ya adhuhuri.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinijibu? Nasema, "Shangazi, vua meno ulale." Wewe: "Nilale kibogoyo? Nikifa usiku watu wanikute hivyo? Kaandike gazetini habari zako za bandarini, mdomo wangu niachie." Asubuhi unayachovya kwenye kikombe, unayanusa, unayarudisha mdomoni, umemaliza usafi. Ukafa mchana, meno yakiwa mahali pake. Haya, umeshinda. Waliokuosha walinikabidhi yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa.

Ulikufa kwa maradhi ya moyo. Ndivyo daktari alivyosema, na siandiki zaidi ya ninachokijua. Lakini najua pia kwamba miezi yako ya mwisho ulikuwa ukiisukuma pembeni sahani ya pilau kwa sababu mdomo unawaka. Wewe, pilau! Unaweka dawa ya matone, utando mweupe unaondoka, baada ya muda unarudi. Ukailaumu dawa, ukalaumu pilipili, ukamlaumu na kijana wa duka la dawa.

Basi nikayapeleka meno yako kwa daktari wa meno kule Posta. Baba alifoka: "Umeyapeleka meno ya dada yangu kupimwa kama mtuhumiwa?" Ndiyo, nimeyapeleka. Daktari alikwangua upande unaolala kwenye kaakaa, akapaka kwenye kioo, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona vitu vya mviringo, vidogo, vimeshikana kama shanga. Fangasi, akasema, ndugu wa hamira ile ya maandazi. Wengi wetu tunao mdomoni wala hatuugui, lakini mwenye meno ya bandia na sukari wanampata kirahisi. Wewe ulikuwa na vyote viwili. Baba pia anavyo.

Nilimwomba daktari anieleze kama anavyomweleza mtu wa gazeti. Mate huacha utando mwembamba wa protini juu ya plastiki. Seli ya fangasi nayo ina protini zake kwenye ganda la nje, na hizo ndizo zinazoshika zile za mate. Ikishashika, wenzake wanashika juu yake, wanazaana, kisha wanajifunika kwa ute. Matone yanawaua walioko kwenye ufizi. Walioko chini ya ute, kwenye plastiki, wengi wanapona, na wewe mwenyewe unawarudisha mdomoni. Kuchovya hakuwabandui. Lazima kusugua.

"Na maji ya waridi?" nikamuuliza.

"Yananukia," akasema.

Nilipomrudia Baba na maelezo haya, ufizi wake ulishakuwa mwekundu, pembe za mdomo zimepasuka, anakunywa uji tu na suruali inamvuka. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema, "Dada alifanya hivi miaka yote," akachovya. Shangazi, nimehoji watu wakubwa wakinidanganya mchana kweupe, na hakuna aliyenichosha kama huyu ambaye hadanganyi. Nikamwambia ndiyo, ulifanya hivyo miaka yote, na pilau ikakushinda. Akaniambia nina mdomo kama wako.

Juzi nikakosa subira, nikakimwaga kikombe kwenye sinki mbele yake. Nilitegemea kelele. Hakufoka. Alikichukua kikombe kitupu, akakinusa, akauliza, "Sasa humu ndani patanukia nini?"



Tulikaa tukakubaliana. Chupa ya maji ya waridi ni yako: kila Ijumaa atakuja nayo makaburini akunyunyizie. Kikombe cha bluu kiko kwenye rafu ya duka, kando ya kiti chako, akinuse anavyotaka. Usiku anavua meno. Nayasugua mimi, kwa brashi na sabuni isiyo na harufu, halafu yanalala kwenye dawa ya daktari, ndani ya glasi inayonuka hospitali. Anaponikabidhi anageuza uso ukutani na kujifunika kwa shuka, eti nisimwone. Mimi, aliyenibeba mgongoni! Nyie ndugu wawili mmetoka tumbo moja kweli.

Jana alikula wali, kidogo, huku analalamika hauna chumvi. Ufizi bado mwekundu. Sitakuambia amepona wakati hajapona.

Lala salama, Shangazi. Hapo ulipo hakuna mteja wa kumwonea haya. Ninachokuahidi ni hiki: kaka yako nitamsugulia meno yake kila usiku, hata akinuna, na nitaanzia upande ule wa kaakaa, ambao wewe hukuniruhusu kuuona ungali hai.

Binti wa kaka yako,
Zuhura