Pikapu ya Asali Imegoma

Tabora, Jumatano

Kaka yangu Kasimiri,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakusihi barua hii uisome peke yako, hata shemeji asiione, kisha uichome. Natumaini huko Kaliua nyote ni wazima na gereji inapata wateja. Mimi afya ninayo. Hamu ya kula ndiyo sina.

Pikapu ya tajiri wangu Bwana Akbar, ile ya kuchukulia asali ya dukani huko vijijini, haiwaki tangu Jumatatu. Mzee Hilari, fundi wetu, amesafisha kabureta, amebadilisha pampu ya petroli na plagi zote nne. Kila akipiga staata inakohoa, inarusha moto kwenye kabureta, inazima. Jana alitania kwamba ina kwikwi, ipewe maji. Leo hatanii tena. Bwana Akbar amemwambia mbele ya wateja kwamba uzee umemwingia mikononi, akatengeneze baiskeli, na isipowaka kufikia Jumamosi ataleta fundi mwingine kutoka Ziba. Bi Bilkis alipomkumbusha mumewe kwamba mzee amewatumikia miaka kumi na tisa, alijibiwa kwamba wateja hawanunui miaka. Mzee akaja kwenye meza yangu ya hesabu, akaniuliza mimi, anayeniita mwanawe msomi ingawa si baba yangu, amekosea wapi. Nikamjibu huenda petroli ni chafu. Akaimwaga yote, akaanza upya.

Kaka, petroli haikuwa na uchafu. Jumapili niliosha gari lile, maji yakaingia kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi. Badala ya kuifuta tu, niliichomoa nzima, wala sikuweka alama ya jinsi ilivyokaa. Nikalinganisha alama ya puli, lile gurudumu la mbele ya injini, nikairudisha. Baadaye ndipo nikakumbuka ulichonifundisha: pistoni ya kwanza hupanda juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na cheche hutakiwa ile mara inayobana hewa tu. Nadhani nimeifunga kwa ile mara nyingine. Mzee amepima cheche, ipo. Hajui kwamba distribyuta iliguswa, basi ataishuku kwa lipi?

Kuirekebisha kunataka mmoja azibe tundu la plagi kwa kidole asikilizie hewa ikisukuma, na mwingine azungushe injini. Kwa siri siwezi. Mara mbili nimemwendea nimwambie, nikaishia kumwamkia. Kesho, kabla duka halijafunguliwa, nitamwambia.

Barua hii inakuja na basi la kesho. Msalimie shemeji na watoto. Usinipigie mimi, simu yangu huchajiwa mezani kwa Bwana Akbar. Ijumaa mchana mpigie Mzee Hilari, nambari yake iko nyuma ya karatasi hii, inakili kabla hujaichoma. Akikubali kunipa simu uzungumze nami, nitakuwa pembeni yake nikimshikia spana. Akikata simu, ujue nimefukuzwa, nitafute nyumbani Ntalikwa.

Mdogo wako,
Fikiri