Nyama ya Harusi Yako

Mtaa wa Majengo,
Mpanda, Katavi.
9 Juni 2025.

Mpendwa kaka Doto,

Habari za huko Mtwara? Wifi Somoe hajambo? Na mtoto ameshaanza kutembea, au bado anaburuza makalio kama baba yake alivyofanya mpaka mtaa mzima ukacheka? Sisi wazima. Mama anasumbuliwa na magoti yake yale yale, ila Jumapili kanisani hakosi. Idi ilipita salama. Nililetewa sahani tatu za pilau na sikumgawia mtu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Ujumbe wa simu ukiponyoka ukaingia kwenye kundi la familia, utasomwa mpaka Karema. Hii isome peke yako kwanza, ukiwa umekaa.

Unajua tangu mwaka jana namfanyia kazi Dokta Osward, yule mtafiti kutoka Dar es Salaam. Anachunguza jinsi Waislamu na Wakristo wa mji huu wanavyojadili dini hadharani: kwenye mihadhara, redioni, kwenye vijiwe vya kahawa. Mimi ndiye ninayehoji watu na kuwarekodi. Swali moja lilikuwa hili: kwingine watu wamegombana juu ya nani achinje, mbona Majengo kumetulia? Watu sitini na mbili, na karibu wote walinijibu jambo moja, kwamba sisi tuna Mzee Yasini. Yaani baba yako, mjomba wangu. Harusi, msiba, Krismasi, anachinja yeye, na kila mtu anakula bila kuuliza.

Basi nikaenda kwake na kinasa sauti. Nikaanza kumsomea karatasi ya ridhaa, kwamba anaweza kukataa na kwamba jina lake halitaandikwa. Akanikatiza: "Mama, wewe si mtoto wa dada yangu? Lete wino." Akaweka dole gumba bila kusikiliza. Hapo ndipo nilipokosea. Ningezima ile mashine, ninywe chai yake, nirudi siku nyingine kikazi. Yeye aliongea na mpwa wake, na mashine ikachukua yote.

Kaka, alisema hivi. Siku ya harusi yako, miaka mitatu iliyopita, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kufa ganzi na hakumwambia mtu. Ng'ombe kalazwa nyuma ya nyumba, wakwe zako wametoka Mtwara kote huko wamekaa wanasubiri, na kisu kikamponyoka mara mbili. Akasoma Bismillahi yeye mwenyewe, lakini aliyekata ni yule aliyekuwa ameshikilia kichwa. Na aliyeshikilia kichwa ni shemeji yako Apollinarie. Mume wangu, Mkatoliki. Mkala nyote.

Mimi sikujua. Naishi naye nyumba moja na siku zote hizo hakuninong'oneza.

Sasa ripoti imekamilika. Humo baba yako ni "mchinjaji mzee" na mume wangu ni "mkwe Mkristo". Majina yamefichwa, lakini Majengo ina mchinjaji mzee mmoja tu, hata kuku wanamjua. Jumamosi tarehe 21 matokeo yatasomwa mbele ya watu, ofisi ya kata. Shehe ataketi, paroko ataketi, redio itakuwepo. Na msomaji ni mimi, kwa sababu Dokta anasema Kiswahili chake ni cha darasani, watu watasinzia.

Nilimwomba sehemu hiyo aitoe. Akasema mwenye haki ya kuyafuta maneno ni aliyeyasema. Asaini fomu, basi. Nilikwenda kwa baba yako karibu mbio. Aliitazama ile fomu, akanirudishia. "Nimewaficha watu hawa miaka mitatu. Nyie mnataka niwafiche tena, safari hii kwa karatasi? Soma. Ila Doto asisikie redioni."

Ndiyo maana nakuandikia.

Nyumbani nako hakukaliki. Apollinarie amesema nikisoma, nihamie kwa Dokta. Nusu ya wateja wake wa cherehani ni Waislamu, anaogopa, na simlaumu. Nikikataa, atasoma mwingine neno kwa neno, na mjomba ataona nimemkimbia. Nikisoma, ni mimi nitakayewaanika wote wawili kwa mdomo wangu. Nimebanwa, kaka, sina pa kutokea. Mtu akinichangamkia sokoni, nakaa nikifikiri kama naye alikula siku ile.

Nilitaka nikuombe umpigie baba yako umkataze, maana anakusikia wewe kuliko sote. Fomu bado ninayo, inapokelewa mpaka Alhamisi ya tarehe 19. Halafu nikakumbuka kwamba na wewe una wakwe, na ukimaliza kusoma hapa itabidi uamue kuwaambia au kunyamaza. Nimekuingiza kwenye shimo langu. Nisamehe sana.

Idi hii baba yako hakuchinja. Aliwaambia watu mkono unamuuma, wakamwita mchinjaji wa Magamba. Siku mbili kabla alikuja kwangu na kisu chake kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Akasema kikae hapa, hatakishika tena mpaka wewe uwe umejua yote na umempigia. Nimekiweka juu ya kabati la vyombo.

Mpe wifi Somoe salamu zangu, umbusu mtoto. Wakwe zako nao wasalimie, kama utaona inafaa. Mama anakusalimia, yeye hajui lolote kati ya haya. Mungu alilinde paa lenu na akupe cha kumwambia mzazi wako.

Baba yako anakuja kila asubuhi. Ananijulia hali, anatazama juu ya kabati, anaondoka. Hajaniuliza hata mara moja kama nimeshaandika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyeiweka simu mbali,
Aneth