Chumba Kimoja Kwenye Meli Mpya

Mdogo wangu Mwanaidi,

Iringa mmeamkaje na hilo baridi? Mimi niko Ziwa Nyasa, na kichwa kinaniuma kwa hasira. Ile meli mpya ya matembezi unayotaka kuja nayo fungate, ngoja kwanza. Chumba chetu wamekiuza mara mbili! Tumefungua mlango, tukamkuta bibi mmoja wa Chimala amekaa kitandani na kapu lake. Nikamwita mhudumu. Akacheka tu: "Mama, kampuni bado changa, tuvumiliane." Nivumilie nini, na unajua nilivyombembeleza mume wangu afunge duka tupumzike?

Nilipoanza kufoka, bibi akadakia. "Mwanangu, kitanda chukua, mimi nitakaa chini. Ila usinitoe nje, maji haya nayaogopa. Naenda Mbamba Bay, binti yangu kajifungua."

Ningefanyaje? Shemeji yako nimempeleka juu kwenye mabenchi, amenuna mpaka sasa.

Samaki tuliyeahidiwa hatukumwona. Tumeletewa maharage yaliyopoa. Tukala wali wa bibi, na nakiri ni mtamu kuliko wangu.

Wewe njoo, ziwa ni zuri, milima inashuka hadi majini. Lakini beba chakula chako, na usishushe begi kabla hujaushika ufunguo wa chumba.

Nisamehe mwandiko. Kila meli ikiyumba, bibi ananivuta kiwiko, na mimi nimeshindwa kumwambia aache.

Msalimie mama, nawakumbuka mno.

Dada yako,
Zubeda