Mchumba Wangu Avunjika Mifupa, Mama Hataki Harusi

Mama Mshauri, nisaidie tafadhali, nyumbani hatuelewani tena. Mimi ni kijana, nachuma chai yetu hapa Kaplong, na mchumba wangu anaitwa Caren, mwalimu wa nasari, mcheshi sana, na harusi ni Desemba, lakini mwaka jana alivunjika mkono akiinua ndoo ya maziwa tu, tukasema ni bahati mbaya, halafu juzi akateleza kidogo shambani mguu ukavunjika, na mama yangu akasema, "Kipyegon, huyo hakunywa maziwa yetu ya mursik akiwa mtoto, atakuzalia watoto wa glasi," basi nikawa nampelekea Caren maziwa kila asubuhi mpaka akaniambia amegeuka ndama, lakini daktari alipopima damu akasema shida si maziwa, ni kitezi kidogo shingoni kimevimba na kinafanya kazi kupita kiasi, kinatoa kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu, na inabidi apasuliwe Nairobi, na kitanda kimepatikana wiki ileile ya harusi. Mama anasema nitafute mwingine. Caren naye ameniambia, "Kama ni kuniacha, niache sasa, usingoje nifungwe bandeji shingoni." Nampenda, lakini naogopa. Nifanye nini?

Kipyegon, Kaplong

Kipyegon, pole, na hongera kwa kumpata msichana anayeweza kutania akiwa na plasta mguuni. Lakini wewe nawe! Mwenzako amelala na maumivu, wewe unamkagua kama ng'ombe wa sokoni?

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Ugonjwa huu huwapata hata vijana, na hakuna aliyemroga. Kitezi hicho kikitolewa, mifupa huanza kujijenga tena. Watoto pia atazaa, ila kwanza daktari aseme amepona.

Kwa hivyo sogeza harusi. Pasta atapata Jumamosi nyingine. Mpeleke mama yako kwa daktari wa Caren, asikie kwa masikio yake. Acha kumjaza Caren maziwa. Anywe maji kwa wingi, na ndoo ubebe wewe. Akishapasuliwa, midomo au vidole vikianza kufa ganzi, amwite nesi papo hapo, maana kalsiamu huweza kushuka ghafla. Na wewe uwe pale kando ya kitanda, si nyumbani ukiniandikia mimi.

Jambo la mwisho. Hukuniomba nifiche jina lako, nami sikulificha. Gazeti hili linafika Kaplong asubuhi, na walimu husoma. Kimbia ukamwambie Caren wewe mwenyewe, kabla hajalisoma!