Habari za Mabaka Baada ya Kuziba Masikio

Malinyi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepona, au bado Mama anakukataza kwenda malishoni? Sisi huku tunapumua, watoto hawajambo. Ila barua hii ni ya Mabaka, yule maksai uliyenipa nilipohamia huku.

Unakumbuka ulivyomzoesha: mluzi mfupi mara tatu, aje, mluzi mmoja mrefu, asimame. Mvua zilipoanza, kupe walimwingia masikioni, usaha ukatoka, akaacha kuitika. Bwana mifugo alimpima akasema hatasikia tena. Nikamuuliza kama nikimpungia kitambaa kwa mapigo yale yale atatambua. Akanijibu kuwa wapo wanyama ambao jambo walilojifunza kwa sikio hulitambua hata kwa jicho, na wengine huanza upya. Mabaka ni wa kundi gani, hakujua.

Nilichukua kipande cheupe cha shuka nikapunga mara tatu. Akanitazama, akarudi kwenye majani yake. Basi nikaanza upya, chumvi kiganjani, kila asubuhi. Kusimama alikushika upesi: nikiinua kitambaa, anatulia. Kuja kulimshinda. Hata nikipunga haraka, anasimama tu.

Juma lililopita mto ulipanda ghafla, ng'ombe wakiwa ng'ambo yake. Nikapiga mluzi, wote wakaja. Mabaka aliwafuata wenzake hadi katikati, maji yakamfika tumboni, akainua kichwa kunitafuta. Nami kwa hofu nikapunga, Baba. Mara tatu, haraka.

Akasimama.

Mke wangu alinishika mkono. "Shusha hicho kitambaa," akasema, "unamzuia."

Nilikishusha. Lakini alibaki pale pale, macho kwangu, akingoja nimwambie lingine, nami sikuwa na lingine analolijua. Maji yakapanda mgongoni, yakamzoa.

Kesho yake tulimkuta kwenye matete. Sikuweza kumchuna. Jirani yetu, mzee mmoja Mpogoro, alinisaidia kumfukia.

Mwenzake wa jembe anakataa nira na ng'ombe mwingine yeyote. Nimeshamjaribisha na wawili. Anajilaza kwenye mtaro, namvuta hadi nachoka, kisha nakaa chini karibu naye. Ekari ya bondeni haijalimwa, na sijui nianzie wapi.

Nisalimie Mama, na shangazi anayekaa nanyi, na kaka mkubwa. Habari hii Kaka mwambie wewe, mimi nimeshindwa kumpigia simu.

Ukinigombeza nitapokea. Ninachoogopa ni kwamba utanyamaza.

Mwanao,
Maduhu